Baba na Neno Lake Moja la Kiingereza

Baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo. Kwa msomaji ambaye hakukulia kando ya reli, nieleze kidogo. Gadi husafiri katika behewa la mwisho kabisa, na treni haiondoki stesheni mpaka yeye aridhike kwamba kila kitu kiko sawa. Dereva yuko mbele, haoni yanayotendeka nyuma, kwa hiyo humtegemea mtu huyo mmoja. Kila gadi alikuwa na namna yake ya kuruhusu. Baba alichungulia nje, akatazama urefu wote wa mabehewa, akapunga bendera, kisha akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye nyumba zetu: "Raaaiti!"

Hapa Itigi watoto wote tuliijua sauti ile. Tuliiiga tukicheza, tukisukumana kwa mstari mmoja kupita kwenye vichaka, na aliyekuwa nyuma ndiye aliyeita. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kama lile ni neno la Kiingereza. Kwetu lilikuwa neno la treni.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Wanaoikumbuka wanajua ilivyokuwa na pande mbili. Sabuni na sukari zilirudi madukani, foleni zikaisha, mitumba ikaanza kumwagwa mnadani kwa marobota, na mama yangu, aliyekuwa na charahani moja tu, akapata kazi tele ya kupunguza suruali za Wazungu ziwatoshe watu wetu. Lakini miaka hiyo hiyo wafanyakazi wa umma walianza kupunguzwa, na baba akawa miongoni mwao. Tukaambiwa tutahama nyumba ya relwe tuliyopewa kwa ajili ya kazi yake. Kabla hatujahama, asubuhi moja akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, baba akaanguka.

Kilikuwa kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea, na maneno yakaondoka yote, Kinyiramba cha utotoni mwake pamoja na Kiswahili cha kazini. Siku nyingi hospitalini hakutoa sauti. Tulipomrudisha nyumbani, mama alimkalisha barazani, akamuuliza kama amletee uji.

"Raiti," baba akasema.

Mama aliangusha kata. Sote tulikimbilia barazani, tukacheka, tukalia, tukamwambia sema tena, naye akasema tena. Tuliamini milango imefunguka. Limetoka la kwanza, mengine yako njiani. Tukakaa kulingoja la pili.

La pili halikuja. Sitaki kukuficha hilo, msomaji, usije ukasoma ukilingoja kama tulivyolingoja sisi. Tabibu alitueleza kwa upole kwamba akili ya baba ilikuwa hai, alisikia na kuelewa, ila njia ya kutolea maneno ndiyo iliyoharibika, na kwamba wagonjwa wengine hubakiwa na neno moja lililozoeleka sana. Hata kichwa kilimdanganya. Alitikisa alipotaka kukubali, akainamisha alipotaka kukataa, kisha akakasirika mwenyewe kwa kujua kwamba amekosea. Basi kati yake na dunia nzima likabaki neno moja.

Wakati huo nilikuwa kidato cha pili huko Manyoni, na nilikuwa nimekuja likizo. Mnadani nilikuwa nimepata kamusi ya Kiingereza iliyokuja ndani ya robota la nguo, haina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Kwa kuwa neno la baba lilikuwa limekaa masikioni mwangu kutwa, nililitafuta. Nilidhani nitakuta mstari mmoja: sawa. Au miwili.

Nilikuta ukurasa mzima, na maelezo yakaendelea ng'ambo ya pili.

Nilikaa sakafuni nikisoma kwa kidole. Neno "right" lilikuwa sawa, ndiyo. Lilikuwa pia sahihi, kama jibu la hesabu. Lilikuwa upande wa kulia. Yaani ule ule upande wa baba uliokufa ulikuwa umo ndani ya neno pekee lililobaki hai, na nilipoliona hilo nilifunga kitabu kwa muda. Nilipofungua tena nikakuta haki, ile haki ambayo watu huidai mahakamani. Nikakuta pembe mraba ya fundi seremala. Nikakuta uso wa kitambaa, ule upande unaotakiwa kuonekana nguo ikivaliwa. Nikakuta mara moja, bila kuchelewa. Nikakuta hapo hapo, si kando. Nikakuta kuinua kitu kilichopinduka, kama mkokoteni uliolala ubavu, mpaka kisimame tena kwa magurudumu yake.

Nilikuwa nimefundishwa lugha kama ghala: neno moja, kitu kimoja, kila kimoja rafu yake. Sasa nilikuwa nimechungulia ndani ya neno dogo kabisa na kukuta watu wengi wanaishi humo, tena kwa amani. Nilimpelekea mama kamusi pale kwenye charahani.

"Mama, hata uso wa kitambaa umo."

"Kwenye neno la baba yako?"

"Kwenye hilo hilo."

Mama hakuwa na Kiingereza. Alikata uzi kwa meno, akafikiri, akasema, "Basi wenye lugha yao wanasikilizanaje?"

Nilimwambia nilivyofundishwa shuleni, kwamba maana hutokana na maneno yanayozunguka neno lile. Mama akamtazama baba pale barazani. "Huyu hana ya kuzungushia," akasema. "Itabidi sisi tulizungushie."

Na ndivyo alivyofanya. Nataka niieleze kazi hii polepole, kwa sababu najua wapo wasomaji wenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, na huenda wamechoka. Msikate tamaa. Mama hakuwa na ufundi wowote zaidi ya kusikiliza. Aliacha kusikiliza neno, kwa kuwa lilikuwa moja daima, akasikiliza sauti ilivyolibeba. Raiti iliyopanda mwishoni ilikuwa swali. Iliyokatwa kwa kasi, midomo ikibanwa, ilikuwa hapana. Iliyovutwa kwa chini, macho yakitazama magharibi ambako treni za Tabora hupotelea, ilikuwa kumbukumbu, na hiyo haikuhitaji jibu. Ilikuwapo ya kuita kuku, ya kufukuza kuku, na nyingine tamu sana, nyepesi, aliyoitoa pale tu mama alipomnawisha uso. Mimi nilikuwa na kamusi mapajani, naye mama alikuwa anaandika nyingine kichwani, na ya kwake ilinenepa kila siku.

Sijapata kushangaa tena namna ile maishani. Niliona mtu mzima aliyenyang'anywa maneno yote akihamia ndani ya silabi chache na kupanga humo maisha yake yote.

Kisha akaja baba mkubwa.

Huyu alikuwa kaka mkubwa wa baba, mkulima wa huko kwao Iramba, upande wa Sekenke. Alikuja kwa malori, kupitia Singida mjini na Manyoni, na vumbi lote la njia hiyo alifika nalo. Alileta kuku wawili na unga wa uwele. Alimpenda mdogo wake, hilo lazima niliseme kabla ya mengine. Alimshika mkono ule uliolegea akaupakata mapajani mwake.

Baada ya chakula akasema lililomleta. Nyumba ya relwe tunatolewa. Mama ana charahani yake hapa sokoni, watoto wana shule. Mgonjwa anahitaji hewa ya kwao, maziwa, na ndugu wa kumgeuza. Kwa hiyo yeye atamchukua. Lori la kurudi Manyoni lingeondoka kesho yake asubuhi. Mama na watoto wangebaki, na Mungu akijalia watakuwa wanakuja kumwona.

Ulikuwa mpango wenye akili, ndiyo maana ulitisha. Kwetu kaka mkubwa akisemea jambo la mdogo wake aliyelala kitandani, nani atampinga? Mke hainui sauti mbele ya shemeji yake. Mama alitazama mikono yake.

Baba mkubwa akamgeukia baba, akasema kwa sauti ya juu, kama watu wanavyosema na wagonjwa, wakidhani masikio nayo yameharibika: "Mdogo wangu, unataka turudi nyumbani, ukapumzike, ukanywe maziwa, uwaone ndugu, na huku mama watoto ahangaike na kazi yake, si ndiyo?"

"Raiti," baba akasema.

"Mmesikia!" Baba mkubwa akapiga paja. "Kwa mdomo wake mwenyewe! Kwa Kiingereza kabisa!"

Mimi sikuitambua raiti ile. Ilianza kwa ile ya kumbukumbu, ikapinda katikati, ikakatwa mwishoni. Nilimtazama mama. Aliielewa kidogo, nikaona, lakini alikuwa amefungwa mdomo na heshima. Machozi yalimteremka bila sauti, naye akainuka kwenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Sasa, jirani yetu alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kutengeneza njia ya reli. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani, na alikuwa amemtania baba kwa miaka mingi kiasi kwamba sisi watoto tulimwita Mtani kana kwamba ndilo jina lake. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukutukana kwenye msiba wa mama yako na ukamshukuru. Kila jioni huyu alikuja barazani kwetu, akasimama mbele ya baba, mikono nyuma.

"Bado upo?" akamuuliza jioni ile kama kawaida. "Nilishakopa sanda, nitairudishaje?"

"Raiti!" Baba akacheka upande mmoja wa uso, upande uliokuwa unaweza.

Baba mkubwa alikunja uso. Mtani akamsalimu kwa adabu, akakaribishwa kiti, akaelezwa kwamba kesho mgonjwa anakwenda kwao.

"Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe. Nimemuuliza kama arudi nyumbani, apumzike, anywe maziwa, awaone ndugu, mkewe abaki na kazi yake, kajibu raiti."

"Ahaa." Mtani akajikuna kidevu. Akamgeukia baba. "Mtani, huyu kaka yako ni mbuzi?"

"Raiti!"

"Mbuzi jike?"

"Raiti!" Baba alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Na hao kuku aliowaleta, niwachukue mimi wote wawili?"

"Raiti!" Hii ilikatwa kama kwa shoka.

Kila mtu akaangua kicheko, hata mama kule jikoni, nilimsikia. Baba mkubwa peke yake hakucheka. Alikuwa mtu mwenye heshima zake na aliona anafanyiwa mzaha mbele ya watoto. "Basi unataka kuniambia kwamba mdogo wangu hana akili? Anajibu ndiyo kwa kila kitu?"

"Akili anayo kuliko wewe na mimi," Mtani akasema, na sasa sauti yake haikuwa na utani. "Umesikia ile ya kuku? Ile haikuwa ndiyo. Mzee mwenzangu, usinikasirikie. Wewe umempa mdogo wako mzigo wa maswali matano umefungwa kamba moja. Nyumbani, maziwa, ndugu, kupumzika, kumwacha mkewe. Yeye ana jibu moja tu. Amekupa, nawe umelipeleka kwenye swali ulilolitaka. Mfungulie mzigo. Muulize moja, halafu ungoje."

Nilidhani baba mkubwa angeinuka akaondoka. Alivuta pumzi, akakitoa kiti chake pale kilipokuwa, akakileta mpaka magoti yake yakakaribia magoti ya baba. Aliacha Kiswahili. Alianza kuuliza kwa Kinyiramba, lugha waliyochungia ng'ombe pamoja, na sauti yake ikashuka ikawa ya kawaida.

Aliuliza kama anapakumbuka nyumbani.

"Raaaaiti." Ilikuwa ndefu, ya chini. Wala haikuhitaji kutafsiriwa. Nilishtuka, maana nilikuwa nimeamini kwamba baba hataki kabisa kusikia habari za Iramba. Kumbe alipatamani. Sisi wenyewe, na kamusi zetu mbili, hatukuwahi kumuuliza.

Baba mkubwa akangoja. Aliuliza kama angependa kuwaona ndugu.

"Raiti." Laini.

Akangoja tena. Mama alikuwa amerudi, amesimama mlangoni karibu na kiti cha baba, mwiko mkononi. Baba mkubwa akauliza kama aende naye kesho.

Baba alitazama njia, akamtazama kaka yake. "Raiti?" Ilipanda mwishoni. Alikuwa anauliza.

Mtani alifungua mdomo, mama akamwashiria anyamaze. Baba mkubwa alikuwa ameelewa kwamba ameulizwa yeye, na nadhani alielewa pia ameulizwa nini. Akajibu kwa Kinyiramba, polepole: "Wewe peke yako. Mke wako atabaki."

Nimesikia raiti nyingi za baba, kabla na baada. Ile sikuisikia tena. Haikuwa kelele. Ilitoka tumboni, nzito, imenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, kila sauti imewekwa mahali pake, na huku mkono wake wa kushoto umepita hewani ukitafuta, ukakutana na khanga ya mama, ukaikamata. Nilijiona nimesimama mbele ya ule ukurasa wa kamusi, ila safari hii maana zote zilikuwa zimesimama kwa pamoja: haki yangu, hapa hapa, sasa hivi, niinueni. Sidai kwamba ndiyo maneno aliyoyakusudia. Sijui. Najua tu kwamba hakuna mtu pale barazani aliyehitaji kuuliza tena.

Mama hakuivuta khanga. Alikaa chini kwenye mkeka, pale pale alipokamatwa.

Baba mkubwa aliutazama ule mkono. "Nimesikia," akasema. Kisha, kwa kuwa yeye naye alikuwa mtu wa kazi, akaanza kuuliza mambo ya kazi: chumba cha kupanga karibu na soko kinapatikana? Kina mlango mpana? Nani atamsaidia shemeji kumnyanyua? Mtani akasema kunyanyua atanyanyua yeye, maana amenyanyua mataruma ya reli ujana wake wote na huyu si mzito kuliko taruma, ingawa ni mjinga zaidi.

"Raiti!" baba akafoka, na tukacheka tena.

Tulihamia chumba hicho baada ya likizo yangu kwisha. Iramba tulikwenda pia, baadaye, sote kwa pamoja baada ya mavuno, na baba akakaa kwenye ua wa wazazi wake akiwa na mkewe ubavuni. Lakini ninachotaka kumalizia ni asubuhi ile ya baba mkubwa kuondoka, kwa sababu niliyoyaona siku hiyo hayamo katika kamusi yoyote niliyofungua tangu hapo, na nimefungua nyingi. Mwishowe niliifanya lugha kuwa kazi yangu.

Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya stesheni, utingo anafunga magunia ya nta na madebe ya asali. Baba mkubwa alitoka ndani na mfuko wake. Baba alikuwa ameshakalishwa barazani kwenye jua. Alipomwona kaka yake, alishusha macho, akainamisha shingo kidogo, akasema kwa sauti ndogo ya mtoto aliyelelewa vizuri:

"Raiti."

Baba mkubwa alikuwa ameshapiga hatua kwenda zake. Akasimama. Akageuka. Nikaona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayesikia akiitwa kutoka mbali sana.

"Marahaba," akajibu. "Marahaba, mdogo wangu. Umeamkaje?"

Aliweka mfuko chini, akakaa. Akaanza kumpa habari za nyumbani, moja moja: mvua ilivyokuwa, nani ameoa, ng'ombe gani amezaa. Baada ya kila habari alinyamaza akangoja, na baba akajibu, na kaka yake akaitikia kwa kichwa na kuendelea na inayofuata. Kule stesheni utingo alipiga ubavu wa lori kwa kiganja, akaita kwamba wanaondoka. Baba mkubwa aliinua mkono bila kugeuka, akamwambia angoje. Mtu alikuwa bado anaongea.